Maswali ya Wasomaji: Barabara ya Auburn na Sheria Iliyobadilisha Jina la Mahali

Katika toleo lililopita tuliandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba mahali alipozaliwa Martin Luther King huko Atlanta, jimbo la Georgia nchini Marekani, paliitwa Eneo la Kihistoria la Taifa na sasa panaitwa Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa, kwa nguvu ya sheria iliyotiwa saini tarehe 8 Januari 2018. Mstari huo umezaa barua. Nyingine zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimeziunganisha. Zilizobaki nazijibu moja moja, kila moja kwa urefu inaoustahili.

SWALI: Ndugu mhariri, hifadhi ninayoijua mimi ina simba, tembo na lango la kulipia. Nyumba ya ghorofa moja iliyo kando ya barabara ya lami inakuwaje hifadhi? Au tafsiri yenu imeteleza? (Msomaji aliyekerwa kidogo)

JIBU: Tafsiri haikuteleza, ingawa nakiri kwamba neno lenyewe linabana. Ukimtajia Mswahili hifadhi ya taifa, anaona nyasi, vumbi na gari la watalii. Wamarekani nao wana neno moja tu, park, wanalolitumia kwa bustani ya mjini, kwa msitu wenye dubu na kwa uwanja wa vita vya karne ya 18. Nimelishikilia neno hifadhi kwa sababu ya kitenzi kilichomo ndani yake, maana kinachofanyika pale ni kuhifadhi. Anayetafuta simba atuwie radhi.

Idara ya Hifadhi za Taifa ya nchi hiyo inasimamia maeneo zaidi ya 400, na maeneo hayo yana vyeo mbalimbali. Cheo cha Eneo la Kihistoria kwa desturi hupewa mahali penye kitu kimoja kikuu, kama vile nyumba ya mtu mashuhuri, ngome au gati. La kwanza kukipata lilikuwa bandari ya kale ya Salem, Massachusetts, mwaka 1938. Cheo cha Hifadhi ya Kihistoria hupewa mahali ambapo historia imetawanyika katika majengo au viwanja kadhaa, kiasi kwamba mgeni akisimama penye kimoja peke yake hataelewa kilichotokea. Ya kwanza ilikuwa Morristown, New Jersey, mwaka 1933, ambako jeshi la George Washington lilipiga kambi wakati wa baridi kali. Nasema kwa desturi kwa sababu mfumo huo umejengwa vipande vipande kwa miongo mingi, na anayetafuta unyoofu ndani yake atachoka mapema.

Sasa tutembee pamoja katika barabara ya Auburn. Namba 501 ni nyumba iliyojengwa mwaka 1895, ambayo babu na bibi wa King kwa upande wa mama waliinunua mwaka 1909, na ghorofani humo ndimo King alimozaliwa tarehe 15 Januari 1929. Ukishika njia kuelekea katikati ya mji unapita penye kaburi lake, lililozungukwa na maji, ambapo mkewe Coretta Scott King, aliyefariki mwaka 2006, amelazwa ubavuni pake. Jirani na hapo, namba 407, lipo kanisa la Ebenezer. Humo alihubiri babu yake, kisha baba yake, kisha yeye mwenyewe akiwa mchungaji mwenza wa baba yake tangu 1960 hadi alipouawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya mpaka uliotokana na sheria ya mwaka 1980. Endelea mbele kidogo, hadi kwenye namba za 330 na kitu, utafika penye jengo la Wamasoni (Freemason) weusi wa Prince Hall. Kwa miaka 37 jengo hilo lilikuwa nje ya mpaka.

Ndani ya jengo hilo ndimo ilimokuwa ofisi kuu ya SCLC, yaani Baraza la Uongozi wa Kikristo la Kusini, chama kilichoundwa mwaka 1957 na kumchagua King kuwa rais wake wa kwanza. Ghorofani kulikuwa na studio za redio WERD, ambayo tangu 1949 ilimilikiwa na Jesse B. Blayton, na ndiyo redio ya kwanza nchini Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Inasimuliwa kwamba King alipokuwa na jambo la kuwaambia watu wa Atlanta haraka, aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na mtangazaji wa juu akamteremshia maikrofoni kupitia dirishani. Hata kama wasimuliaji wameitia chumvi habari hiyo, mpangilio wa jengo lenyewe unaeleza mengi: chini kulikuwa na chama chenye la kusema, na juu kulikuwa na chombo cha kulisemea, navyo vilitenganishwa na sakafu moja tu.

Kwa maneno mengine, ramani ya zamani ilihifadhi mahali alipozaliwa, alipohubiri na alipozikwa, ikapaacha mahali alipofanyia kazi. Sheria ya 2018 ililiingiza jengo la Prince Hall ndani ya mpaka. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa lililofanyika siku ile, na jina jipya lilikuja kulifuata.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Ningependa kujua sheria hiyo imeandikwaje hasa. Je, walifuta ile ya zamani na kuandika nyingine?

JIBU: Hawakuifuta. Ukiisoma utashangaa ilivyo fupi, kwa sababu haielezi habari za King wala haitaji haki za binadamu. Kazi yake ni kurekebisha sheria iliyokuwapo, ile namba 96-428 ya tarehe 10 Oktoba 1980, ambayo ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia yeye mwenyewe. Ile mpya ni namba 115-108, maana yake ni sheria ya 108 kutoka Bunge la 115. Muswada wake, HR 267, uliletwa Januari 2017 na John Lewis, mbunge wa Atlanta, ambaye ujanani aliandamana pamoja na King na ambaye tarehe 7 Machi 1965 alipigwa na polisi hadi kuvunjwa fuvu kwenye daraja la Selma. Ulitiwa saini na Rais Donald Trump mwaka mmoja baadaye. Watu hao wawili hawakuwa na mengi ya kukubaliana, lakini hili lilipita.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa sheria, nakushauri uusome muswada wenyewe ukiwa na ile sheria ya 1980 mkono wa pili, maana peke yake haueleweki. Penye ramani ya zamani, iliyoandaliwa mwaka 1992, unaagiza iwekwe ramani nyingine, ya Juni 2015, yenye mapendekezo ya mpaka mpya. Kisha unaagiza kwamba kila penye maneno Eneo la Kihistoria la Taifa maneno hayo yaondolewe na pawekwe Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa, na unarudia agizo hilo kwa jina kamili na kwa jina fupi, ili pasibaki mahali ambapo cheo cha zamani kimejificha. Mwisho kuna kifungu ambacho wasomaji wengi hukiruka: kwamba popote ambapo sheria nyingine, ramani, kanuni, waraka au kumbukumbu yoyote ya Marekani inataja jina la zamani, itachukuliwa kuwa imetaja jipya.

Kifungu hicho cha mwisho ni cha kawaida katika sheria za namna hii, lakini usikidharau. Fikiria mkataba wa kukarabati paa uliosainiwa mwaka 2016 kwa jina la zamani, au amri ya mahakama, au barua ya mtu aliyetoa msaada wa fedha kwa Eneo la Kihistoria kwa sharti fulani. Bila kifungu hicho, mtu mwenye nia mbaya na wakili mwenye muda angeweza kudai kwamba aliyeahidiwa hayupo tena. Kwa sentensi moja, mlango huo umefungwa.

Utaona pia kwamba sheria haichori mpaka kwa maneno. Haisemi mpaka uanzie mti huu hadi kona ile, kama zilivyokuwa hati za zamani. Inataja ramani kwa jina, namba na tarehe, na ramani hiyo huwekwa katika ofisi za Idara ambako yeyote anaweza kwenda kuikagua. Ndiyo maana nasema kila mara kwamba muswada wa namna hii ukikufikia, usianze na kichwa chake. Tafuta ramani, kisha uliza tofauti yake na ile iliyotangulia.

SWALI: Mbona tunasikia Rais wa Marekani akitangaza maeneo ya kihistoria kwa saini yake tu? Kwa nini hili la King lilihitaji Bunge?

JIBU: Rais anayo nguvu hiyo, lakini si kwa kila cheo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1906 inamruhusu kutangaza Kumbukumbu ya Taifa katika ardhi ambayo tayari ni ya serikali kuu. Sheria ya Maeneo ya Kihistoria ya mwaka 1935 inamruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kuteua Eneo la Kihistoria, na hivyo ndivyo Salem ilivyoteuliwa. (Hapa niweke angalizo dogo: waziri huyo wa Marekani hana polisi wala magereza kama wa kwetu. Wizara yake ni ya ardhi ya umma, hifadhi, madini na masuala ya Wahindi Wekundu. Magazeti yetu humtafsiri neno kwa neno, na msomaji akabaki akijiuliza mkuu wa polisi ana shughuli gani na nyumba za makumbusho.) Hifadhi ya Kihistoria, hata hivyo, huundwa na Bunge peke yake, na mpaka uliowekwa na Bunge hubadilishwa na Bunge.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana Bears Ears, katika jimbo la Utah. Rais Obama alipatangaza kuwa Kumbukumbu ya Taifa Desemba 2016, Rais Trump akakata sehemu kubwa ya eneo hilo Desemba 2017, na Rais Biden akairudisha Oktoba 2021. Kwa miaka mitano nyasi na miamba ile haikusogea hata shubiri, ila mpaka wake ulikwenda na kurudi kwa kalamu za watu watatu. Mahali palipowekwa na sheria ya Bunge hapachezewi kwa urahisi huo.

Ndiyo sababu njia hizi mbili mara nyingine hufuatana. Tarehe 12 Januari 2017, zikiwa zimebaki siku nane aondoke madarakani, Obama alitangaza Kumbukumbu ya Taifa katika wilaya ya Beaufort, South Carolina, kuhusu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati watumwa walioachwa huru walipoanza kupiga kura, kujenga shule na kumiliki mashamba. Mwaka 2019 Bunge lilipachukua mahali hapo, likapafanya Hifadhi ya Kihistoria na kurekebisha mpaka wake. Rais aliwahi, Bunge likakaza.

Ubaya wa njia ya Bunge ni kwamba ni ndefu na ina mashimo. Kila Bunge la Marekani hukaa miaka miwili, na muswada ambao haujakamilika kipindi kikiisha unakufa, hata kama ulibakiza hatua moja. Lewis mwenyewe alikuwa ameuleta muswada wa King katika Bunge lililotangulia, na ikambidi aanze upya Januari 2017. Kwa kuogopa vifo hivyo, wabunge hupenda kufunga miswada midogo mingi katika furushi moja. Sheria ya tarehe 12 Machi 2019, iliyopewa jina la mbunge mkongwe John Dingell aliyefariki mwezi mmoja kabla, ilikusanya miswada zaidi ya mia moja, na hiyo ya Beaufort ilikuwa mojawapo. Furushi hurahisisha kupita, lakini mwananchi anayetaka kujua kijiji chake kimeguswa vipi hulazimika kupekua mamia ya kurasa za ardhi ya watu wengine.

SWALI: Mimi nina kiwanja changu na hati yangu. Naomba kujua, mpaka wa hifadhi ukipanuliwa na kuimeza nyumba ya mtu huko Marekani, je, mtu huyo analala mwenye nyumba na kuamka mpangaji?

JIBU: Hapana, na nafurahi umeuliza, maana hofu hii ndiyo huua miswada mingi kuliko upinzani wa kisiasa. Mpaka wa hifadhi na hati ya kumiliki ni vitu viwili. Mpaka unasema ni wapi Idara inaruhusiwa kununua, kupokea zawadi, kusaidia ukarabati au kuingia makubaliano na mwenye mali. Hausemi kwamba kila kilichomo ni cha serikali. Nyumba namba 501 ilikuwa ndani ya mpaka tangu 1980, na wageni walitembezwa humo na watumishi wa Idara mwaka hadi mwaka, lakini haikuwa mali ya serikali hadi mwishoni mwa 2018, iliponunuliwa kutoka upande wa familia kupitia mfuko wa hisani unaozisaidia hifadhi hizo. Jengo la Prince Hall nalo lilipoingizwa ndani ya mpaka lilibaki kuwa la Wamasoni wenyewe. Walichopata ni mlango wa kuomba utaalamu wa serikali katika kulitengeneza jengo kuukuu.

Linaloamua zaidi ni maneno yanayohusu namna ya kupata ardhi. Chukua Ocmulgee, karibu na mji wa Macon, Georgia hiyo hiyo. Hapo kuna vilima vikubwa vya udongo vilivyojengwa kwa mikono miaka elfu moja hivi iliyopita, na chumba cha mikutano kilichofunikwa kwa udongo ambacho sakafu yake ya awali, yenye viti vilivyofinyangwa kwa mfinyanzi, bado ipo. Watu wa taifa la Muscogee wanapahesabu kuwa kwa mababu zao. Wao wenyewe walifukuzwa Georgia, na katika miaka ya 1830 wakapelekwa magharibi, Oklahoma, na baada yao zikapitishwa reli zilizokata baadhi ya vilima. Bunge liliidhinisha mahali hapo palindwe mwaka 1934, lakini ardhi iliyopatikana ilikuwa ndogo sana kuliko iliyotarajiwa, takriban ekari 700. Sheria ya 2019 ilipapa jina la Hifadhi ya Kihistoria ya Vilima vya Ocmulgee na kuruhusu paongezwe hadi kama ekari 2,800.

Ekari zile za nyongeza hazikuwa mali ya Idara siku sheria ilipotiwa saini. Sheria inataka zipatikane kwa zawadi, kwa kubadilishana, au kwa kununuliwa kutoka kwa mtu aliye tayari kuuza, na haimruhusu Waziri kumtwalia mtu ardhi yake kwa nguvu. Asiyetaka kuuza anabaki na shamba lake ndani ya mpaka, na wanawe watarithi. Kwa hiyo ukisoma kwamba hifadhi imeongezeka mara nne, ujue kilichoongezeka siku hiyo ni ruhusa. Bikoni zitafuata taratibu, kipande kwa kipande, kadiri wauzaji na fedha vinavyopatikana. Mtu asiye na subira ataiita sheria ya namna hiyo dhaifu; mimi naiona ya haki, hasa mahali ambapo watu wa kwanza waliondolewa kwa mtutu.

SWALI: Mwalimu wa historia anauliza: je, kubadilisha jina la mahali pa kihistoria si kuifuta historia ileile tunayodai kuilinda? Leo Eneo, kesho Hifadhi, kesho kutwa jina la mtu mwingine kabisa.

JIBU: Mwalimu, tutenganishe mambo mawili. Kule Atlanta jina la King halikuguswa. Kilichobadilika ni cheo, kama vile shule ya msingi inavyopandishwa kuwa sekondari. (King mwenyewe aliandikishwa kwa jina la Michael alipozaliwa, na baba yake ndiye aliyembadilishia, akijibadilishia na yeye pia, katika miaka ya 1930. Hakuna anayedai kwamba alifutwa.) Kuna pale ambapo jina lenyewe linaondolewa, na hapo swali lako lina uzito.

Mfano wa karibu ni Little Bighorn, Montana. Tarehe 25 Juni 1876, wapiganaji wa Lakota, Cheyenne na Arapaho walipigana na kikosi cha farasi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na George Custer, na Custer akafa pale pamoja na askari wote aliokuwa nao. Tangu 1946 uwanja huo uliitwa kwa jina la Custer. Viwanja vya vita kwa kawaida huitwa kwa jina la mto, kilima au mji; hapa ulipewa jina la kamanda aliyeshindwa, na walioshinda hawakuwa na hata jiwe. Mbunge Ben Nighthorse Campbell, mwenye asili ya Cheyenne, alisimamia muswada uliokuwa na mambo mawili, jina la mto liwekwe badala ya jina la mtu, na mnara wa Wahindi Wekundu ujengwe palepale. Rais George H. W. Bush aliutia saini tarehe 10 Desemba 1991. Mnara ulizinduliwa tarehe 25 Juni 2003, na wakati huo, tangu 1999, yalikuwa yamekwisha kuanza kuwekwa mawe ya rangi nyekundu mahali walipoanguka wapiganaji wa Cheyenne na Lakota.

Jambo la kumwonyesha mwanafunzi wako, mwalimu, ni kwamba mawe meupe ya askari wa Custer, yaliyowekwa mwaka 1890, hayakung'olewa. Yapo mlimani, na mekundu yako miongoni mwake. Aliyekwenda kutafuta habari za Custer bado anazipata, ila sasa anajua pia Custer alikuwa anapigana na nani. Kama hiyo ni kufuta, sijui kuandika ni nini.

Nakubaliana nawe hata hivyo kwamba kubadilisha jina bila kubadilisha kingine chochote ni kazi ya rangi na brashi. Ndiyo maana namheshimu mbunge anayeleta jina na ardhi, au jina na mnara, katika muswada mmoja.

SWALI: Je, hifadhi moja inaweza kuwa na vipande vilivyo mbali mbali, hata katika majimbo tofauti? (Wasomaji watatu wameuliza)

JIBU: Inaweza, na mfano bora una umri wa miaka michache tu. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1992 Bunge lililifanya jengo la shule ya Monroe, mjini Topeka, Kansas, alikosoma Linda Brown, kuwa Eneo la Kihistoria. Hapo ndipo hadithi ilipopotoka kidogo, kwa sababu mgeni aliyetoka Topeka aliondoka akiamini kwamba yote yalianza na kuishia Kansas, ilhali hukumu hiyo ilijumuisha kesi za Kansas, South Carolina, Virginia na Delaware, na kesi ya tano, ya mji mkuu Washington, iliamuliwa siku hiyo hiyo.

Iliyotangulia kufika mahakamani hapo ilikuwa ya Briggs, kutoka Summerton, South Carolina. Ilianza kwa wazazi weusi kuomba basi. Watoto wazungu walikuwa na mabasi ya kuwapeleka shule. Wao walitembea maili kadhaa kwa mguu. Harry Briggs, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha mafuta, na mkewe Eliza, mtumishi katika hoteli ndogo ya wasafiri, walitia saini malalamiko, na wote wawili wakapoteza kazi. Kutoka kwenye basi mashauri yalipanda hadi kwenye mfumo mzima wa ubaguzi shuleni.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 12 Mei 2022, ambayo mwasisi wake mkuu katika Baraza la Wawakilishi alikuwa James Clyburn wa South Carolina, ilipandisha cheo cha Topeka kuwa Hifadhi ya Kihistoria na kuunganisha nayo shule mbili za Summerton, ile ya Scott's Branch waliyosoma weusi na ile ya sekondari iliyokuwa ya wazungu peke yao. Kati ya Topeka na Summerton kuna safari ya zaidi ya siku moja kwa gari, lakini kisheria ni hifadhi moja. Shule za Virginia, Delaware na Washington hazikufanywa sehemu yake. Zilipewa nafasi ya maeneo shirikishi, yaani zinabaki mikononi mwa wenyewe na kupata msaada wa utaalamu na fedha. Mojawapo ni ile ya Farmville, Virginia, ambako Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliongoza mgomo wa wanafunzi wenzake tarehe 23 Aprili 1951 kwa sababu walisomeshwa katika mabanda yaliyoezekwa kwa karatasi za lami.

Hapa utaona tena kwamba neno lililobadilika kwenye kibao ni dogo. Kilichobadilika ni kwamba mlango wa kuingilia katika habari hiyo si mmoja tena.

SWALI: Cheo kikipanda, fedha nazo zinapanda?

JIBU: Si lazima. Marekani hutenga sheria ya kuidhinisha na sheria ya kutoa fedha. Ya kwanza inasema jambo linaruhusiwa, ya pili ndiyo yenye mfuko, nayo hupitishwa kila mwaka. Sheria ya King ya 2018 haikubeba fungu lake. Gharama ya hakika ya siku za mwanzo ni vibao, vipeperushi, ramani za wageni na mihuri ile ambayo watalii wa Kimarekani hugongesha katika vitabu vyao vidogo. Ila ombi la bajeti lenye jina la hifadhi lina sauti kubwa kidogo kuliko lenye jina la eneo, na mpaka mpya unaruhusu fedha zitumike mahali ambapo jana zisingeruhusiwa.

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu King. Nitumie jina lipi, la zamani au jipya?

JIBU: Fuata tarehe ya tukio unaloliandika. Ukieleza ziara ya mwaka 1995, andika Eneo la Kihistoria la Taifa, kwa sababu ndivyo kibao kilivyosomeka. Ukieleza hali ilivyo tangu 8 Januari 2018, andika Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa. Mahali pa kwanza unapolitaja, weka majina yote mawili na mwaka wa mabadiliko, ili msomaji wako asidhani kwamba ni mahali pawili. Ukinukuu waraka wa kabla ya 2018, uache kama ulivyo. Kile kifungu cha mwisho cha sheria tulichokitaja juu kinamaliza kazi iliyobaki. Na ukieleza kazi za SCLC katika jengo la Prince Hall, usiandike kwamba jengo hilo lilihifadhiwa tangu 1980, kwa maana halikuwamo.